Laptopu yako imeishia Windows 10? Hivi ndivyo unavyoweza kuweka Linux bila kupoteza mafaili

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Laptopu nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa inayokubalika. Kwa wenye mashine hizo, njia mojawapo ya bure ni Linux.

Linux ni nini?

Ni mfumo endeshi wa chanzo huria: kodi yake iko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuugawa. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland.

Matoleo ni mengi. Linalowafaa wanaoanza ni Linux Mint, kwa sababu menyu yake inafanana na ya Windows.

Andaa haya kwanza

- RAM ya GB 4 (GB 2 ndiyo mwisho kabisa) na nafasi ya GB 20 au zaidi kwenye diski.
- Flashi ya GB 8. Vilivyomo vyote vitafutwa.
- Bando la kutosha: faili la kupakua lina karibu GB 3.
- Nakala ya picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Hili usiliruke.

Hatua kwa hatua

1. Pakua Linux Mint kwenye tovuti ya linuxmint.com.

2. Tumia programu ya bure ya Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi. Ukilikopi tu kama muvi, kompyuta haitawaka nayo.

3. Zima kompyuta, chomeka flashi, kisha iwashe huku ukibonyeza-bonyeza F12 (Dell na Lenovo nyingi) au F9 (HP nyingi). Chagua flashi.

4. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Kitu kikigoma, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta kama ulivyoiacha.

5. Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha iliyo kwenye skrini, kisha fuata maelekezo.

Hapa ndipo wengi huumia

Katikati ya safari utaulizwa mfumo uwekwe wapi. Ukichagua "Erase disk", Windows na mafaili yote vinafutika. "Install alongside" inaiacha Windows, na kila ukiwasha unachagua mfumo wa kutumia.

Hata kwa njia hiyo ya pili, acha laptopu kwenye chaji. Ikizimika wakati diski inagawanywa, data inaweza kupotea. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kuanza.

Ukishamaliza

Firefox na LibreOffice huja humo humo, na LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuyumba kidogo. Photoshop haina toleo la Linux. Kama kazi yako inategemea programu ya aina hiyo, weka mifumo yote miwili, au baki kwanza kwenye kuijaribu Mint kupitia flashi.