Mguu wa Mfalme

Mwezi wa Agosti 1715, Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alianza kuumwa mguu wa kushoto. Alikuwa ametawala miaka 72. Mganga wake mkuu, Fagon, alisema ni maumivu ya neva yatokayo kiunoni. Wakamnywesha maziwa ya punda, wakauosha mguu kwa mvinyo na majani ya kunukia. Kisha likatokea doa jeusi. Walipotambua kwamba nyama imekufa, walikuwa wamechelewa. Tarehe 1 Septemba mfalme akafa.

Mguu ule ulikosa nini? Ulikosa damu. Tangu mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alikwisha kuonyesha kwamba moyo husukuma damu mwilini, nayo hurudi moyoni. Lakini kujua njia si kujua kuifungua ikizibwa.

Mishipa itokayo moyoni ni kama mifereji ya shamba. Mfereji ukijaa matope, mimea ya mwisho hukauka kwanza. Kwa hiyo kidonda cha namna hii huanza mara nyingi vidoleni au kisiginoni. Mguu ni baridi, ngozi inang'aa, malaika yanapukutika. Mtu akitembea, misuli ya mguu yamuuma, akipumzika, yapoa. Baadaye maumivu humwamsha usiku, naye huning'iniza mguu kitandani apate nafuu.

Miaka mingi dawa ilikuwa msumeno. Hata mwaka 1948, mjini Paris, Jean Kunlin akachukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe, akaushona upite kando ya mahali palipozibwa. Na tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, bibi mmoja wa miaka 82 alikataa kukatwa mguu uliokwisha kuoza vidole. Mganga Charles Dotter akapitisha mirija myembamba ndani ya mshipa, akaupanua. Mguu ukapata joto. Bibi akatembea kwa miguu yake mpaka kufa kwake, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Tazameni basi: mfalme hakukosa mali wala waganga. Nasi leo twapata maarifa aliyoyakosa yeye, lakini hayatufai tukikaa na kidonda nyumbani. Tusikifunge kwa nguvu, maana tutazuia damu kidogo iliyosalia. Tuache tumbaku, ambayo huharibu mishipa. Tutunze ugonjwa wa sukari. Na mzee wetu akisema mguu wamuuma usiku, tusimwambie ni uzee tu. Tumpeleke hospitali kabla doa jeusi halijatokea.