Noti moja, stafu mbili

Leo tuache simu na mitandao kidogo, tuongee kuhusu piano. Usikimbie, kuna programu ndani yake!

Muziki wa piano huandikwa kwa stafu mbili, yaani mistari mitano juu na mitano chini. Kwa kawaida ya juu ni ya mkono wa kulia na ya chini ni ya kushoto. Shida huanza mkono mmoja unapopanda kutoka chini hadi juu bila kukatika. Hapo noti tatu huandikwa chini, tatu juu, kisha zote huungwa kwa boriti moja inayopita katikati ya stafu. Boriti hiyo humwambia mpiga piano kwamba huu ni mkono mmoja. Ikikatwa vipande viwili, atadhani mikono inapokezana. (Wanakwaya wetu wanaosoma sol-fa hawaijui taabu hii, maana kila sauti ina safu yake.)

Fundi wa Leipzig wa karne ya 19, aliyechonga muziki kinyumenyume kwenye bamba la metali, alivuta tu mstari mrefu zaidi. Tarakilishi nayo lazima kwanza ijibu swali: noti hii ni ya nani?

Programu ya SCORE, aliyoianza Leland Smith huko Stanford miaka ya 1970, haikujisumbua na swali hilo. Kila kitu kilikuwa orodha ya namba: aina yake, stafu yake, mahali pake. Boriti ilikuwa kitu cha kujitegemea, kwa hiyo ungeweza kuivusha popote ukijua hesabu. Matokeo yalipendeza, lakini faili ilihifadhi mchoro tu. MIDI ya 1983 ikawa kinyume kabisa: inajua kibonyezo gani kiligongwa na lini, haijui stafu ni nini. Ndiyo maana programu nyingi zikifungua faili ya MIDI hugawa noti kwenye C ya kati, na mkono wa kushoto ukipanda, unakatwa.

Finale ilipotoka 1988, noti ilikuwa mali ya stafu. Kuivusha ulitumia zana moja, kisha zana nyingine kugeuza shina. Noti ilionekana juu, lakini kwenye data ilibaki ya chini. Kazi ilikuwa ndefu, ila nadhani wazo lilikuwa sahihi: mwonekano na umiliki ni mambo mawili.

Walioliandika wazo hilo waziwazi kabisa, kwa maoni yangu, ni Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, Waholanzi walioanza LilyPond mwaka 1996. Humo sauti si mtoto wa stafu. Ni msafiri. Unaandika \change Staff = "chini" na sauti inahamia huko na boriti yake. Lakini hapo ndipo mtego ulipo, na sisi waandishi wa kodi tutautambua. Mwinamo wa boriti inayovuka unategemea umbali kati ya stafu mbili. Umbali huo nao unategemea urefu wa vitu vilivyomo kati yake, boriti ikiwemo. A inamsubiri B, B inamsubiri A! LilyPond hukata mzunguko kwa kukitia kila kitu kinachovuka alama maalumu, kisha kutokihesabu wakati wa kupanga nafasi. Gharama yake ni kwamba mara nyingine vitu hugongana, na unasogeza stafu kwa mkono.

Mwaka 2004 Michael Good alitoa MusicXML 1.0, ambamo noti ya piano hubeba namba mbili tofauti, ya sauti na ya stafu. Jambo dogo? Agosti 2024 MakeMusic walitangaza mwisho wa Finale, baada ya miaka 35. Wenye kazi ya maisha yao katika faili hizo wanazihamisha kwa MusicXML, na namba hizo mbili ndizo zinazobeba mkono kwenda MuseScore au Dorico.

Ila zitabeba kile tu kilichoandikwa. Aliyeingiza noti moja kwa moja kwenye stafu ya pili na kuficha mapumziko atapata sauti mbili zilizokatika. Kwenye MuseScore, chagua noti ubonyeze Ctrl+Shift na mshale wa chini, nayo itavuka bila kubadilisha sauti yake. Fanya hivyo kabla ya kuhamisha faili.