Chuo cha Mafundi cha St Petersburg: Mlango Uliofunguliwa Nusu

  Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu, tafadhalini fungueni ramani ya dunia. Itafuteni nchi ya Urusi, kisha mji wa St Petersburg, ulioko upande wa kaskazini karibu na bahari ya Baltiki. Katika mji huo kuna chuo kinachofundisha kemia ya viwandani. Umri wake unakaribia miaka 200. Leo nitawasimulia habari za chuo hicho.

Kwanza tuelewane: kemia ya viwandani ni kitu gani? Chukua kipande cha sabuni yako ya kufulia. Mafuta peke yake hayaondoi uchafu. Ukiyamwaga juu ya nguo, huongeza uchafu. Lakini mafuta hayo yakichemshwa pamoja na magadi makali, hugeuka yakawa kitu kingine kabisa, nacho ndicho sabuni. Tazama pia kioo cha dirisha. Asili yake ni mchanga uliochanganywa na magadi na chokaa, ukayeyushwa kwa moto mkali sana. Kuelewa jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine ndiyo elimu ya kemia. Kuifanya kazi hiyo kwa wingi, kwa bei nafuu, na bila kumdhuru mfanyakazi, ndiyo kemia ya viwandani.

Haya, sasa turudi nyuma mpaka miaka ya 1820. Urusi ilikuwa nchi kubwa mno, lakini viwanda vyake vilikuwa vichache. Iliuza ng'ambo nafaka, katani na mafuta ya wanyama; ikanunua mashine na bidhaa nyingi zilizotengenezwa na wengine. Hata katika viwanda vyake yenyewe, mara nyingi mafundi wakuu walikuwa wageni. Waziri wa Fedha, jina lake Kankrin, aliona kwamba jambo hilo halifai. Nchi iliyotaka kuwa na viwanda ilihitaji mafundi wake yenyewe. Basi mwaka 1828 mfalme wa Urusi, aliyeitwa Tsar Nicholas I, alitia sahihi amri ya kuanzisha chuo cha mafundi. Mwaka 1831 kikafunguliwa.

Lakini sikilizeni jambo hili. Tsar Nicholas aliogopa elimu. Mwezi wa Desemba 1825, alipokuwa anashika tu ufalme, maofisa wa jeshi waliosoma walimwasi, wakadai sheria za kupunguza nguvu za mfalme. Aliwashinda, na viongozi watano wakanyongwa. Tangu hapo akawa na shaka juu ya watu wenye vitabu. Mwaka 1827, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kukianzisha chuo, alitoa amri kwamba watoto wa watwana wasipokewe katika shule za juu wala vyuo vikuu. Watwana walikuwa wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana. Mtwana hakuweza kuhama bila idhini ya bwana wake, na bwana aliweza hata kumwuza. Watu wa namna hiyo walikuwa mamilioni.

Sasa mnaona shida ya mfalme. Alitaka mafundi, kwa kuwa bila mafundi nchi yake ingebaki nyuma. Lakini hakutaka watu wanaouliza maswali. Basi akafungua mlango nusu. Waliopokewa chuoni mwanzoni walikuwa wavulana wadogo, watoto wa wachuuzi, wa mafundi na wa watu wa kawaida wa mjini. Walifundishwa hesabu, kuchora na kemia, tena walifanya kazi kwa mikono katika karakana. Shabaha ilikuwa kupata watu wa kuendesha viwanda na kutii.

Je, unaweza kumfundisha mtu kuuliza kwa nini maji yanachemka, kisha umkataze kuuliza kwa nini mkulima anauzwa? Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Mwaka 1861 Tsar mwingine, Alexander II, aliwapa watwana uhuru wao. Mwaka uliofuata, 1862, chuo chetu kilipandishwa daraja. Hakikuwa tena shule ya kazi za mikono tu. Kikawa chuo cha elimu ya juu. Waalimu mashuhuri wakaanza kuja.

Mmoja wao aliitwa Dmitri Mendeleev. Huyu alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, huko Siberia, mbali sana na mji mkuu. Baba yake alipofuka macho, akaacha kazi ya ualimu. Mama yake, Maria, hakukata tamaa. Alisimamia kiwanda cha kioo cha jamaa zake ili watoto wapate kula. Kijana Dmitri alikua akiona mchanga ukigeuka kioo ndani ya tanuri. Baba alifariki, kisha mwaka 1848 kiwanda kikaungua. Mama huyo mjane akamchukua mwanawe safari ndefu mpaka Moscow, na kutoka hapo mpaka St Petersburg, ili amtafutie shule. Mwaka 1850 kijana alipata nafasi katika chuo cha waalimu. Mwaka huohuo mama akafa. Alikuwa amemaliza kazi yake.

Mwaka 1864 Mendeleev akawa profesa katika chuo chetu cha mafundi. Hakukaa miaka mingi. Alihamia Chuo Kikuu cha mji huo. Huko, mwaka 1869, alitangaza kazi iliyompatia sifa duniani kote. Alizipanga elementi, yaani vitu vya asili ambavyo vitu vingine vyote hutokana navyo, katika jedwali moja. Wakati huo zilijulikana 63. Alipoona nafasi haina kitu cha kufaa, aliiacha wazi akasema kwamba elementi yake ipo, ila haijaonekana. Watu wengine waliona ni maneno tu. Lakini mwaka 1875 ikaonekana galiamu, mwaka 1879 skandiamu, na mwaka 1886 jerimaniamu. Kila moja ilikuja kukaa mahali pake, kama mgeni aliyewekewa kiti.

Mwingine aliyefundisha chuoni ni Friedrich Beilstein, aliyeanza kazi hapo mwaka 1866. Huyu alifanya kazi ya subira. Alikusanya habari za vitu vya kemia vyenye kaboni, ambavyo wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wamevichunguza, akaviandika vyote kwa taratibu. Kitabu chake kilitoka kati ya mwaka 1881 na 1883, kikiwa na kurasa zaidi ya 2,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tulirudie swali letu. Vijana wa chuo walijifunza kupima, kuchunguza na kutokubali jambo bila ushahidi. Nao wakatazama nje ya dirisha. Waliona wafanyakazi wa viwandani wakitumika saa nyingi kwa ujira mdogo, bila haki ya kuunda chama chao. Wengine wakaanza kusema. Serikali iliwafukuza chuoni baadhi yao. Leonid Krasin, kwa mfano, alifukuzwa mwaka 1891. Baadaye alikuja kuwa mhandisi na pia waziri.

Kisha ukaja mwaka 1905. Mwezi wa Januari askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokuwa wakimpelekea Tsar maombi yao mjini St Petersburg. Nchi nzima ikatikisika. Kufika Oktoba, reli zilisimama na viwanda vikafungwa kwa mgomo. Wafanyakazi walitaka mahali pa kukutana. Vyuo vya juu vilikuwa vimepewa mamlaka ya kujiendesha vyenyewe mwezi wa Agosti, kwa hiyo haikuwa rahisi kwa polisi kuingia humo. Basi tarehe 13 Oktoba, kwa kalenda ya Kirusi ya zamani, wajumbe kati ya 30 na 40 kutoka viwandani walikusanyika katika chuo chetu. Hilo ndilo Baraza la Wafanyakazi la kwanza la St Petersburg. Baraza kwa Kirusi huitwa soviet. Siku chache baadaye, Tsar Nicholas II aliahidi bunge na uhuru wa kusema. Mwezi wa Desemba wajumbe wa Baraza walikamatwa. Hata hivyo neno lile soviet halikufa. Baada ya mwaka 1917 likawa jina la dola nzima.

Hebu fikirini, ndugu. Nyumba ile ilijengwa kwa amri ya mfalme ili ipate mafundi watiifu. Ndani ya nyumba hiyohiyo watu wa kazi walikutana kumdai mfalme haki yao. Mfalme alidhani elimu inapimika kwa kibaba: hii ya mikono nawapa, ile ya akili nawanyima. Haikuwezekana.

Lakini tusidhani kwamba watawala waliofuata walilielewa fundisho hilo. Chuoni alikuwako mwalimu aitwaye Boris Rosing. Mwaka 1911, katika chuo hicho, alionyesha mistari michache ya mwanga ikipelekwa kwa umeme na kuonekana katika kioo cha chombo chake. Ulikuwa mmojawapo wa mianzo ya televisheni. Mwanafunzi wake Vladimir Zworykin alimaliza masomo mwaka 1912, akahamia Marekani mwaka 1919, na huko akaiendeleza televisheni mpaka ikaingia majumbani mwa watu. Je, mwalimu wake alipata nini? Mwaka 1931 serikali ya Kisovieti ilimpeleka uhamishoni kaskazini. Alikufa huko mwaka 1933. Serikali iliyoitwa kwa jina la baraza lililozaliwa chuoni ilimwadhibu mwalimu wa chuo hichohicho. Miaka mingi baadaye, mwaka 1957, ilitangazwa kwamba hakuwa na hatia.

Wakati huo mji uliitwa Leningrad. Katika miaka ya 1930 chuo kiliegemea zaidi upande wa kemia. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili. Tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944 Wajerumani waliuzingira mji huo. Katika majira ya baridi ya kwanza, asiyekuwa mfanyakazi wa kiwandani alipata gramu 125 za mkate kwa siku. Watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Vita vilipokwisha, mji ukajengwa tena, na masomo yakaendelea.

Mwaka 1955 mji ulifungua treni zake zinazopita chini ya ardhi. Kituo kimoja kilipewa jina la chuo hicho, nalo ni jina lake hata leo. Mji umerudishiwa jina la St Petersburg tangu mwaka 1991, na chuo kinaendelea kufundisha.

Ndugu, huenda wewe umeanza kusoma ukubwani ili ujue kuandika barua au kuhesabu fedha zako mwenyewe. Hayo ni mema. Lakini usishangae ukijikuta siku moja unauliza mambo makubwa zaidi. Ndiyo tabia ya elimu. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kuzungumzia darasani: Kwa nini Tsar Nicholas I alitaka mafundi lakini aliogopa wasomi? Mama yake Mendeleev alimsaidiaje mwanawe? Je, kazi ya mikono na elimu ya vitabu zaweza kutengana?