Shilingi 45 za Baba Mdogo

Juni 2019 nilikuwa nishaacha chuo, najazia watu ritani za KRA kwenye cyber moja mjini Homa Bay. Baba mdogo, fundi wa pikipiki kule Rongo, Migori, akaja na simu mkononi. Alikuwa na M-Akiba ya shilingi 3,000, ile bondi ya serikali iliyouzwa kwa simu mwaka 2017. Riba ilikuwa asilimia 10: shilingi 150 kila miezi sita.

"Wuoda, na hii pia inakatwa kodi? Nisije nikashikwa."

Hofu yake ina historia. Mwaka 1901 Waingereza walianzisha kodi ya nyumba. Huku kwetu kuliitwa South Kavirondo, na ofisi ilikuwa Kisii. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa, ya wanaume wasio na nyumba. Mapato yako hayakuulizwa; paa lilitosha. Pesa ikatafutwa kwenye mashamba ya walowezi, na hilo ndilo lililotakiwa. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakadai kodi ipunguzwe. Harakati hiyo ikaitwa Piny Owacho: nchi imesema.

Tangu 2009 serikali imekuwa ikiuza bondi za miundombinu, na ili watu waikopeshe, riba yake haitozwi kodi. M-Akiba ilipewa msamaha huohuo. Riba ya bondi ya kawaida, isiyofika miaka 10, hukatwa asilimia 15 kabla haijakufikia. Kwa riba yake ya mwaka mzima, shilingi 300, hiyo ingekuwa 45.

Nikamwambia, "Baba mdogo, hii haiingii kwenye hesabu ya kodi. Hujaficha kitu. Sheria yenyewe imekusamehe."

Akafikiria kidogo. "Na mwenye milioni kumi?"

Nikapiga hesabu. Kwa riba hiyohiyo ya asilimia 10, yeye angesamehewa 150,000 kwa mwaka. Lakini wote wawili wakinunua sabuni dukani, VAT ni ileile, asilimia 16.

"Kumbe," akasema. "Babu yako alijenga nyumba, akatozwa. Mimi nimekopesha serikali, nimesamehewa. Shida ni kupata cha kukopesha."

Akanilipa shilingi 50 za kujaza ritani. Tano zaidi ya alizosamehewa.