Viraka vya programu: Sababu ya kila kimoja kuhifadhiwe peke yake

Programu za mfumo wa Linux husambazwa zikiwa katika vifurushi. Watunzaji wa vifurushi hivyo mara nyingi hulazimika kusahihisha makosa au kuirekebisha programu ili iendane na mfumo wao. Marekebisho hayo huitwa viraka. Kiraka ni faili la maandishi linaloonyesha mistari inayoondolewa na ile inayoongezwa katika msimbo asilia. Programu ya kuvibandika, iitwayo patch, iliandikwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1985.

Mfumo wa RPM, ulioanzishwa na kampuni ya Red Hat ya Marekani katikati ya miaka ya 1990, hukusanya kila kitu katika faili moja la chanzo: msimbo kama ulivyotolewa na waandishi wake, viraka, na faili la maelekezo. Hata hivyo, viraka havichanganywi na msimbo. Kila kimoja hubaki na jina lake na hubandikwa kwa zamu wakati kifurushi kinapojengwa. Kisichohitajika tena huondolewa peke yake.

Debian, kwa upande wake, kwa miaka mingi iliruhusu mabadiliko yote kuunganishwa katika faili moja la tofauti. Faili hilo lilionyesha kilichobadilika, lakini si lazima lieleze sababu yake.

Uzito wa suala hilo ulidhihirika Mei 2008, ilipotangazwa kwamba badiliko lililofanywa na Debian mwaka 2006 katika OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, lilidhoofisha utengenezaji wa funguo za siri. Katika kompyuta za aina moja, funguo zilizowezekana kwa kila aina na ukubwa zilibaki takriban 32,000 tu, idadi ambayo mvamizi angeweza kuijaribu yote. Watumiaji wa Debian na Ubuntu walitakiwa kubadili funguo zao.

Muundo wa kifurushi pekee haukusababisha kosa hilo, lakini kiraka kilichojificha miongoni mwa vingine ni vigumu kukaguliwa. Debian 6.0, iliyotoka mwaka 2011, ilikuwa na vifurushi vya muundo mpya ambamo kila kiraka ni faili lake, na orodha huonyesha mpangilio wa kuvibandika. Aidha, miongozo ya Debian inashauri kila kiraka kitaje madhumuni yake, mwandishi wake, na iwapo kimepelekwa kwa wenye programu, ambao ndio wanaoufahamu msimbo wao zaidi.