Sarkoidi ya farasi: utunzaji baada ya matibabu

Sarkoidi ni uvimbe wa ngozi unaowapata farasi na punda, na kwa farasi hakuna uvimbe wa ngozi unaoonekana mara nyingi kuliko huu. Hausambai hadi viungo vya ndani, lakini hung'ang'ania ngozini na una tabia ya kurudi ulipokatwa. C. Jackson aliueleza kitaalamu nchini Afrika Kusini mwaka 1936. Siku hizi unahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, hasa aina ya 1 na ya 2. Hupenda ngozi laini yenye manyoya haba: kope, masikio, kwapa na kinena.

Daktari wa mifugo anaweza kuukata kwa kisu au leza, kuugandisha kwa naitrojeni ya maji, au kuudunga dawa ya sisplatini. Wengine hudunga BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto. Hapo farasi huangaliwa kwa makini baada ya kila sindano, maana mwili unaweza kuikataa ghafla, hasa sindano zinaporudiwa. Ipo pia krimu kali iliyobuniwa na Derek Knottenbelt wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, ambayo hupakwa na daktari mwenyewe. Kwa kuwa dawa za namna hii huua seli, mtunzaji huvaa glavu anapogusa kidonda au usaha wake, mjamzito hukaa mbali, na farasi hatengwi kwa adhabu bali ili wenzake wasimlambe.

Jambo ambalo wenye farasi wengi hawaambiwi mapema ni kwamba kidonda hutisha kwanza ndipo kipone. Krimu ikipakwa karibu na jicho, kope huvimba hata jicho likabaki nusu wazi. Baadaye nyama iliyokufa hukauka ikawa kigaga cheusi, kigumu kama soli ya kiatu kikuukuu, kilichoinuka pembeni huku katikati kimeshika. Hapo ndipo mkono wa mtunzaji huwasha. Kigaga hicho hakibanduliwi: chini yake ngozi changa inajijenga, na kukivuta ni kutonesha kidonda. Majimaji yanayotiririka hubabua ngozi nzima iliyo chini, kwa hiyo mafuta ya mgando hupakwa kwenye njia yake, si juu ya kidonda chenyewe.

Daktari akiagiza kuosha, maji yaliyochemshwa na kupoa yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja yanatosha. Dawa kali za kuua vijidudu zikimiminwa bila kuchanganywa na maji huunguza seli changa. Dawa ya maumivu hutolewa kwa kipimo cha daktari, na farasi anayekataa kuguswa upande mmoja au anayeacha chakula ameshasema vya kutosha.

Nzi ni adui wa pekee. Hutaga mayai kidondoni, na wanashukiwa kubeba virusi vyenyewe kutoka mnyama hadi mnyama. Barakoa ya wavu, samadi iliyoondolewa bandani kila siku, na tiba iliyopangwa nje ya msimu wao husaidia. Chanjo ya pepopunda nayo huhakikishwa kabla ya tiba. Waswahili hawakukosea walipomtaja punda katika jina hilo, kwani jamii yake ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na ugonjwa huo.

Kidonda cha kwapa hakivumilii mkanda wa tandiko, basi farasi hapandwi mpaka kipone. Cha mguu wa chini huota nyama nyekundu ya ziada, inayofanana mno na sarkoidi iliyorudi. Macho hayatoshi kuzitofautisha, na kipande hupelekwa maabara. Picha inayopigwa kila wiki, sarafu ikiwa imeshikwa kando ya kidonda ili kuonyesha ukubwa, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Manyoya yakiota tena, mara nyingi huwa meupe, hasa baada ya kugandishwa, kwa sababu seli za rangi hufa kwa baridi kabla ya nyingine. Kwa farasi mweusi doa hilo halifichiki, na mnunuzi mzoefu akiliona kwapani huinama kulipapasa kabla hajauliza bei.