Hesabu ya Jua Kati ya Ruiru na Thika

Kabla paneli za sola hazijapanda juu ya mabati ya Ruiru na Thika, umeme wa huku ulipigiwa hesabu ya maji. Mtambo wa Ndula, ulioanza kazi mwaka 1925 kwa nguvu ya Mto Thika, ulitegemea mambo mawili makuu: kimo cha maporomoko na wingi wa maji. Sola ilipoingia vijijini Kenya miaka ya 1980, ilikuja na hesabu nyepesi vilevile: wati za kwenye lebo zidisha saa za jua. Kwa taa mbili na redio, ilitosha. Ikihamishiwa paa la kiwanda, nashikilia kwamba inampunja mwenye kiwanda. Wati za lebo hupimwa maabara, jua likiwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzijoto 25. Chukua paneli ya wati 450 adhuhuri, hewa ikiwa nyuzi 26 na jua wati 800. Hesabu nyepesi itasema wati 360. Ukiingiza joto, seli za kawaida hufika nyuzi 51 hivi, na silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Zinabaki wati 323. Paneli ikibanwa kwenye mabati, hewa isipite chini yake, hasara huongezeka.

Fundi atasema Thika iko juu, mita 1,500 na ushei, na Julai ni baridi. Kweli, ila seli huchemshwa na jua linaloipiga, hata hewa ikiwa baridi. Na Julai yenyewe, mawingu yakitanda wiki nzima, wastani wa mwaka wa saa za jua ndio unaodanganya.

Wapo wanaotaka twende moja kwa moja kwenye modeli ya dayodi, iliyojengwa juu ya mlinganyo wa Shockley wa 1949 na yenye vigezo vitano. Siafiki kwa kila paa. Vigezo hivyo kwa kawaida huchotwa kwenye lebo ileile, na mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliopima paneli za silikoni ya amofasi nchini walikuta baadhi ya chapa ziko chini sana ya lebo zake. Lebo ikidanganya, modeli huubeba uongo kwa ustadi tu. Penye kivuli, hata hivyo, haina mbadala. Ghorofa za Ruiru zimesongamana. Alasiri tangi la maji la jirani hufunika seli chache za pembeni. Seli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo iliyofunikwa huukaba mkondo wa wenzake, na dayodi ya kukwepea ikifunguka, theluthi nzima ya paneli hulala.